Bote ya Kushoto Yenye Haikuonekana mu Filme

Kama haukuonaka bazungu benye hawana viatu, njo kusema haukuishi Kibua mu miaka ya vita. Miye nilibaona. Nilibaona kila siku kuanza saa nane ya muchana, mu televizyo ya Mama moja ya Butembo mwenye alikuwa anauzisha chumvi, sabuni na misumari. Nyuma ya kantini yake alisimamisha mbao na mabati, akasema ile ni sinema. Bazungu ya ile filme balikuwa banatembea mu matope ya magoti. Nguruwe ilikuwa inapita katikati yabo kama mukubwa ya biro ya serikali. Kulikuwa farasi moja ya kukonda, mbavu yake unaweza kuipigia muziki. Siku ya kwanza papa moja alisimama katikati ya bantu, akashika kichwa: "Kumbe bale nabo balipitiaka Walikale!"

Kazi yangu ilikuwa kuelezea bantu ile filme. Kwetu bantu hawaangaliaka filme na kinywa ya kufunga, sawa vile bako mu misa. Lazima muntu moja asimame pembeni ya televizyo na fimbo, aseme: huyu ni mubaya, huyu ni shemeji yake, huyu atakufa mbele ugali kuiva. Na miye nilijua ile kazi. Nilikuwa naelezea mpaka kuku za jirani zinaacha kula. Siku moja nilielezea mto yenye kufurika, mama moja ku benchi ya mbele akapandisha kikwembe yake mpaka magoti ili isilowe.

Masomo sikupata. Shule niliionaka ku njia tu, wakati nilikuwa napitisha mbuzi. Kifaransa yangu ni bonjour, na ile bonjour naisemaka ata magaribi. Tena ile filme haikuwa ata kifaransa, ilikuwa kizungu ya ndani kabisa, ya kusema na meno ya kufunga. Sikuelewa ata neno moja. Ile haikunisumbua. Mwenye kuelewa anafungwa na yale aliyosikia, miye nilikuwa huru kama mbuzi ya muntu mwenye kuhama.

Ile filme iliingia kwa makosa. Mama alienda Goma, akanunua karto ya disque za filme, zote za bunduki na karate, njo bantu bapendaka. Chini kabisa mu karto kulikuwa hii moja, karatasi yake ya juu ililowa na mvua, haina ata picha. Tuliiweka siku yenye zingine zilikuwa zimechoka.

Ilikuwa filme ya zamani sana, ya wakati ya mishumaa. Nyumba zote giza. Banaume bakubwa balikuwa banavaa nywele ya bandia, nyeupe, ya kujikunja-kunja, inashuka mpaka ku mabega. Bantu walicheka mpaka benchi moja ikavunjika. Nasema moja kwa kuheshimu Mama, zilikuwa tatu. Mu ile muji kulikuwa fundi ya kutengeneza zile nywele, muntu mwembamba, macho yake ya paka ya pori. Siku moja anaona mama moja anaosha nywele ku mto. Nywele nyekundu, sawa ngozi ya ng'ombe ya Masisi nyuma ya mvua. Basi, fundi anapotea. Hakuli tena. Halali. Anamufuata ule mama muji kwa muji, na kila mwenye kusimama katikati yao anakutwa asubuhi amekufa mu mufereji. Anakata nywele ya banamuke bengine, anazinusa, anazitupa, haziko ile. Muziki yake sawa upepo mu tundu ya ukuta.

Ku mwisho fundi anapanda ngazi na mushumaa. Anafika ku mulango. Anaweka mukono ku mulango. Na pale disque inakwama. Ilikuwa na alama ya kukwaruzwa sawa kuku ilitembea juu yake. Mukono ku mulango, mukono ku mulango, mpaka Mama anazima moteri ya umeme. Hakuna muntu ya Kibua mwenye alijua ndani ya ile chumba kulikuwa nini.

Siku ile ya kwanza bantu balikasirika. "Filme gani haina ata risasi moja?" Mama alitaka kuitupa. Nilimwambia: "Mama, nipatie siku mbili. Hii filme haiko mubaya, iko na njaa tu. Nitailisha."

Sasa lazima niseme nilikuwa na nini ya kuilisha.

Mbele nifike Kibua nilikuwa na bibi, mwenye nilioa, na shamba ku Muheto, kule Masisi. Maharagi, muhogo, na mbuzi moja yenye kiburi. Bibi yangu alikuwa na kinywa kali kuliko pilipili, na mguu mukubwa sawa ya askofu, kwa hiyo mguu yake na yangu zilikuwa kipimo moja. Tulinunua bote ya kauchu, viatu virefu ya mupira, ya kulimia mu matope, peya moja ya kutumika sisi babili. Ya kushoto ilitoboka ku kisigino, yeye mwenyewe akaibandika kiraka nyekundu, kipande ya mupira ya ndani ya baiskeli.

Kisha vita ikaanza kutembea ku milima yetu usiku. Bunduki ikilia, kila muntu anakimbia upande wake. Asubuhi banaume bako mulima hii, babibi bako mulima ile, banaitana sawa mbuzi. Bibi yangu aliona ile, akaniangalia.

"Weye nakujua," akasema. "Mbio yako ni ya swala. Bunduki italia hapa, weye utaamkia Rutshuru, miye ningali natafuta kitambaa ya kichwa."

"Miye? Nikuache?"

"Hautaniacha kwa ubaya. Utaniacha kwa haraka. Leta bote."

Akanipatia ya kuume, yeye akavaa ya kushoto. Tulilala vile kila siku, mguu moja mu bote, mguu moja inje, sawa bantu benye kuanza safari wakasahau.

Nikamuuliza: "Hii inasaidia nini?"

"Muntu ya bote moja hawezi kwenda moja kwa moja," akasema. "Anakimbia mu muzunguko. Atarudia fasi ileile."

Nilicheka mpaka kitanda ikalia. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshalala.

Siku yenyewe bunduki ililia wakati jogoo inaanza, na ukungu ilikuwa nzito, ungeweza kuikata na kuuzisha ku soko. Nilimushika mukono. Tulikimbia na mulima muzima nyuma yetu. Ku mto kulikuwa muti moja tu ya kupitia, bantu wakasukumana sawa maharagi mu mufuko, lakini mukono yake sikuiacha. Niliivuta mpaka ngambo. Kule ngambo nikageuka, nikaangalia: ni mama mwingine kabisa, simujui, ananipiga makofi, anasema nimuachilie.

Nilirudia ku mto. Ule muti ulishaanguka. Niliita mpaka sauti ikaisha, sauti yenyewe ilirudia nyuma ya wiki moja, na haikurudia yote. Kisha nikafuata bantu. Bantu walienda Kibua.

Nyinyi ya leo mutasema: si ungepiga simu. Kibua, mu ile miaka, simu ilikuwa kintu ya kufungulia chupa ya bia. Niliuliza kila mwenye kutoka upande ya Masisi. "Mama moja, murefu kidogo, kinywa kali." Banajibu: "Papa, bamama yote ya kule bako vile." Jina yake nilibapatia pia, lakini jina ya muntu inaangukaka mu mto ya kwanza yenye banavuka.

Njo nikaangalia bantu ya ku benchi. Nani alikuwa anaingia mu sinema ya Mama? Babeba mafuta ya mawese, babeba chumvi, bamama ya maharagi, bamotari ya pikipiki. Bantu ya njia. Leo bako hapa, keshokutwa banalala Masisi, na kule ku moto banaambia bengine filme yenye baliona. Jina inaanguka mu mto, lakini filme nzuri haianguki. Filme nzuri inafikaka mbele yako, unakuta banaisema, na banaikosea.

Basi nikamuingiza bibi yangu mu filme.

Haikukuwa ngumu. Ule mama ya nywele nyekundu alikuwa anavaa robo, kanzu murefu ya kufagia chini, hakuna muntu aliona miguu yake ata siku moja. Nikapiga fimbo ku televizyo: "Bantu, muangalie muzuri! Huyu mama iko na bote moja tu. Ya kushoto, ya kauchu. Ya kuume iko na bwana yake. Walipoteana mu ukungu!"

Muntu moja nyuma akapiga kelele: "Muelezaji, bote iko wapi? Sioni!"

"Iko chini ya robo. Weye unataka kuangalia chini ya robo ya bibi ya muntu?"

"Eeeh!" benchi zote. "Adabu, Papa! Adabu!"

Toka siku ile hakuna alinibishia. Nikasema fundi anamuwinda, lakini hamupati, sababu mama ya bote moja hakimbiaki moja kwa moja. Anakimbia mu muzunguko, anarudia fasi ileile. Nilisema neno zake vile alizisema. Kama zingemufikia ku masikio, hangeuliza ni nani aliyezisema.

Filme ikanona. Bantu balitoka mpaka kijiji ya Mpofi, mu mvua, ili baangalie. Bamama balilia juu ya bote yenye haiko. Papa moja aliniapia ku jina ya mama yake kama aliiona, ku fasi yenye mama anapanda gari ya farasi. Ku mulango, disque ikikwama, miye nilikuwa namaliza mwenyewe, kila siku mwisho ingine. Leo ndani ya chumba kuko bwana na panga. Kesho kuko nyuki. Siku moja niliweka ndani chui, na Mama ya kantini akasema ile imezidi. Siku ya pili bantu balirudia kuuliza chui alienda wapi.

Lakini magaribi Mama akizima moteri, bantu banaenda, miye nabakia. Nilikuwa nalala mulemule mu sinema, ku benchi mbili za kuunganisha. Televizyo ilifunikwa na kitambaa, sawa maiti ya heshima. Navaa bote yangu ya kuume, nalala. Na ile mguu ya kushoto ilikuwa inapata baridi. Si baridi ya kawaida, ile baridi ungeweza kuuzisha Goma kwa benye samaki. Niliifunika na gunia, na kikwembe, na gunia juu ya kikwembe. Bado. Nilikuwa nasema mizaha yangu mwenyewe mu giza, lakini zote nilizijua mwisho yake, haziwezi kunichekesha. Kule Muheto nilikuwa nasema muzaha moja, yeye ananijibu mbili, mpaka mbuzi inakohoa. Muntu mwenye kuchekesha bantu ya sinema muzima, magaribi hana ata muntu moja ya kumwambia nyamaza.

Mu bale ya ku benchi ya nyuma kulikuwa mwalimu moja. Vita ilimutoa mu shule yake, sasa alikuwa anauzisha sigara moja moja. Alikuwa anaangalia ile filme bila kucheka. Siku moja alingojea bantu batoke.

"Papa," akasema, "ile filme ilitoka mu kitabu. Romani, hadithi ya kutunga. Nilikisoma ku seminari, mbele nione bibi yangu nikatoka."

"Kitabu muzima?"

"Kinene sawa tofali. Na mu kitabu hakuna bote."

"Kitabu ilisahau, Mwalimu."

Alicheka, kisha akaniangalia miguu. Nilikuwa nimeshavaa bote yangu ya kulalia. Akaacha kucheka. Akatoa sigara, akanipatia bila kusema bei, na sigara ilikuwa kintu kubwa mu ile miaka.

Nikamuuliza: "Sasa nyuma ya mulango kuko nini?"

"Hakuna muntu," akasema. "Fundi anafungua, chumba tupu. Ule mama alisikia kama anakuja, akashika makasi, akakata nywele yake yote, akaichoma mu moto. Kisha akafunga kitambaa ku kichwa, akabeba kitunga, akashuka ngazi. Walipitana ku ngazi. Fundi alijibandika ku ukuta ili mama apite, akamusalimia na heshima. Hakumujua."

"Hakumujua namna gani? Si alimufuata miaka?"

"Alifuata nywele, Papa. Sura hakuiangaliaka ata siku moja. Anamutafuta mpaka anazeeka."

Nilitema mate chini. "Mwalimu, ile mwisho hakuna muntu hapa atailipia ata ndizi moja. Bora chui."

Sikumuelezea muntu ile mwisho.

Ikapita mavuno, ikapita ingine. Siku moja ikafika motari moja kutoka Masisi, na matope ya mulima yote ku nguo. Njia ilikuwa mbaya mpaka yeye alibeba pikipiki kuliko pikipiki ilimubeba. Aliingia, akakaa, akaomba maji. Miye nilikuwa niko ku fasi ya bote. Niliposema tu "ya kushoto, ya kauchu," akainua mukono sawa mwanafunzi.

"Papa, unaielezea vibaya."

Bantu waligeuka. Nikamuuliza: "Weye, uliionaka wapi?"

"Sijaiona, niliisikia. Kule Masisi, ku robine, ile bomba ya maji, bamama banaisema kila siku. Lakini weye unasahau kiraka."

"Kiraka gani?"

"Bote iko na kiraka nyekundu ku kisigino. Kila muntu anajua."

Kiraka sikuisemaka. Ata siku moja. Ku Kibua hakuna pua yenye ilijua ile kiraka, isipokuwa yangu. Fimbo ilianguka. Filme iliendelea yenyewe, fundi akaua bantu babili bila miye kubaombea ruhusa.

"Nani," nikauliza, "nani aliongeza kiraka?"

"Najua miye? Mama moja ya ku robine. Kinywa kali. Aliambia bamama: kama muelezaji ataulizia, bote ingali iko."

Siku ya kufuata nilishika njia ya Masisi. Mama ya kantini alinipatia sabuni muzima, akanifanyia alama ya musalaba ku paji. "Nenda, lakini urudie naye," akasema. "Bila weye ile televizyo ni sanduku ya kioo." Kwa ile sabuni niliosha bote yangu. Niliisugua mpaka ikangaa, ungeweza kunyoa ndevu ukiiangalia. Sikutaka kuivaa mu matope. Ningemufikia na bote chafu, neno ya kwanza ingekuwa matusi. Niliifunga mu gunia ndogo ku mugongo, nikatembea na miguu tupu.

Mvua ya ile safari sijaionaka ingine. Bata zilikuwa zinatafuta fasi ya kujikinga. Nilifunika kichwa na gunia kubwa, niliona tu mbele ya vidole vyangu. Juu ya mulima, fasi yenye njia ni nyembamba sawa mukanda, nilikutana na musururu ya bamama banashuka na maharagi. Munajua vile banabebaka, kamba ku paji, mugongo ya kukunjika, macho chini. Na miye nilikuwa naangalia chini. Naangalia miguu. Toka kutoka Kibua nilikuwa naangalia kila mguu, natafuta bote ya kushoto yenye kiraka. Miguu yote ilikuwa tupu, ya matope.

"Pole na muzigo, bamama," nikasema.

"Asante, Papa. Pole na mvua."

Moja alijisogeza mu majani ili nipite. Nikasema asante, nikapita.

Masisi, ku robine, balinionyesha nyumba ya mama mwenye alimupokea bibi yangu. Alikuwa anachagua maharagi ku mulango. Aliniona na gunia ku mugongo, akaacha mukono mu kitunga.

"Weye ni bwana ya bote?"

"Bibi yangu iko wapi?"

"Aliondoka, Papa. Na bamama ya maharagi. Alisema anaenda Kibua ku sinema, kukunyamazisha." Akaangalia njia ya mulima. "Haukubakuta ku mulima?"

"Niliangalia miguu. Hakuna alikuwa na bote."

"Aivae mu matope? Aliiosha siku muzima! Aliifunga mu kitambaa, akaiweka ndani ya kitunga, juu ya maharagi."

Nilikaa chini. Bote yangu ya kungaa ilikuwa ku mugongo, ndani ya gunia, inanichoma sawa kaa ya moto. Ule mama alifikiri nitalia. Nilitafuta muzaha. Miye, mwenye kutafuta muzaha ata ku kilio, sikuona.

Nilitaka kurudia saa ileile. Njia ikafungwa. Askari ya hii upande, askari ya ile upande, na katikati muntu ni mbuzi tu. Nilibeba vidumu vya maziwa pale Masisi, nikangojea, na kila mwenye kufika nilimuangalia sura kwanza, kisha miguu. Nilikuwa nimejifunza, lakini nilikuwa nimejifunza kwa kuchelewa.

Njia ilipofunguka nilikimbia mpaka Kibua. Sinema haikuwa na mabati tena. Televizyo, benchi, moteri, yote ilienda. Mama ya kantini alikuwa amekaa inje, ametandika kikwembe, juu yake sabuni kidogo na chumvi. Aliponiona alifunika kinywa.

"Alifika," akasema mbele niulize. "Alifika siku moja nyuma ya weye kuondoka. Akakaa benchi ya mbele. Mwalimu alijaribu kuelezea, bantu walimuzomea. Basi yeye akasimama, akanyanganya fimbo!"

"Bibi yangu?"

"Papa, alielezea kuliko weye. Alisema: huyu fundi munamuogopa bule, miye nilikuwa na bwana, usingizini anakoroma mpaka panya zinahama. Bantu walilala chini na kucheka. Ku mulango, disque ikakwama, akauliza Mwalimu mwisho ni nini. Mwalimu akamwambia. Hakucheka tena. Aliniuliza weye ulipitia njia gani, na ulifunika nini ku kichwa. Nikamwambia gunia. Akakaa chini. Akasema: 'Ule papa alinipatia pole na muzigo.'"

Mama alipangusa macho na mukono ya sabuni, ikamuwasha, akalia zaidi.

"Alikungojea hapa kwangu," akasema. Kisha bunduki ikafika, kila muntu akakimbia mu pori, upande ya Walikale. Mbele ya kukimbia, bibi yangu alimupatia Mama kitambaa ya kufunga. Mama aliibeba mu pori yote, aliacha sanduku ya nguo yake, ile hakuiacha. Akanifungulia. Bote ya kushoto, kiraka nyekundu, safi.

"Alisema nikwambie uende Muheto, ku shamba yenu, ukae. Alisema: 'Tukitembea sisi babili, tutapitana tena. Moja akae. Yeye akae, sababu yeye njo mwenye mbio.'"

"Na yeye?"

"Atakuja, alisema. Mu pori tuliachana. Bengine tulirudia. Bengine bado."

Nilivaa bote zote mbili, nikalala nazo, mara ya kwanza tangu tulizinunua. Nilienda Muheto nazo. Na bote mbili muntu anaenda moja kwa moja, na ile iliniogopesha njia muzima.

Shamba nilikuta majani ya kunifunika kichwa. Nilikata, nilijenga, nilipanda maharagi. Nimeshavuna mara mingi. Mwanamuke akipanda mulima na muzigo, nasimama, nangojea mpaka ainue sura. Bengine bananicheka, banasema ule papa anapenda kuangalia bibi za bantu. Narudia ku jembe.

Magaribi majirani banakuja, banakaa ku moto. "Papa, tuelezee filme." Naelezea. Nguruwe, farasi, nywele za bandia, banacheka mpaka moshi inapotea njia. Ninafika ku mulango. Mukono ku mulango.

"Maliza, Papa! Alimukuta?"

Miye, mwenye niliweka chui mu ile chumba, na nyuki, na bwana na panga. Nasema disque imekwama. Banakasirika, banaenda.

Bote zote mbili ziko ku mulango. Kuku yangu imezoea kutagia mu ile ya kushoto. Kila magaribi naitoa, inanitukana, napangusa ndani na kikwembe, nazirudisha pamoja, vidole vikiangalia njia. Kisha naingia kulala na miguu yote mbili inje ya bote, sawa muntu mwenye kukaa.